Pambizoni

Limbani, Wete. Jumanne, baada ya laasiri.
Tarehe nimewauliza watoto.

Kwako shoga yangu Bikombo,
salamu nyingi, mimi mzima wa afya,
hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na macho yangu.
Unaona? Sijasahau mlango wa barua,
namna ya kupiga hodi kwa wino.

Simu nilipiga. Akapokea mjukuu wako.
Nikasema, mwambie bibi yako nampa pole ya masikio.
Nikamsikia anakupigia ukelele: POLE YA MASIKIO!
Nyumba nzima ikaitikia, na jirani,
na nadhani kuku pia.
Nikakata.
Yapo mambo, Bikombo, hayapigiwi ukelele.

Basi nimechomoa karatasi mbili
za katikati, pale kwenye pini,
katika daftari la hesabu la Sleyum.
Kalamu tulipewa bure duka la saruji.
Haikutaka kuandika. Nimeipumulia,
nimeikuna kwenye kigae,
mviringo, mviringo, mviringo mkavu,
kisha ikaamka.

Mkono ndio uliosahau.
Vidole hivi vinajua kusuka ukuti,
vinachambua karafuu gizani,
lakini herufi ya k inanishinda kiunoni.
Mwalimu Shaame angeniita mbele:
“Mkasi, hii ni k, au ng'ombe kavunjika mguu?”
Mwandiko wako wewe ulilalia kulia,
mpunga uliopitiwa na upepo,
nami nikiuiga chini ya dawati.
Mpaka leo a yangu ni a yako.

Habari za huku.
Msikiti wa chini wameupaka rangi ya kijani, haukupendeza.
Bi Chumu kavunjika nyonga, yu kitandani,
matusi yake lakini mazima.
Muhogo wa mwaka huu mchungu.
Mbuzi wangu, yule wa sikio moja, kazaa pacha.
(Sikutaja sikio kwa makusudi.
Nimetaka kufuta, wino haufutiki.)
Na kile kisima cha nyuma ya skuli wamekifukia,
juu yake wamejenga kibanda cha kuchajia simu.

Hapo nilisita.
Chai ikapoa. Nzi akatua juu ya jina lako,
akalitembea lote, b mpaka o.
Nikaendelea na bei ya sukari.
Nikaendelea na mvua.
Karatasi ya pili nayo ikaisha, sijasema.

Nikaigeuza ubavu,
nikaandika pambizoni, herufi zimebana pumzi:

bangili yako ya fedha haikuanguka kisimani.
Siku tatu walishusha kulabu,
baba yako akashuka mwenyewe kwa kamba,
akatoka na tope mpaka kwenye kope,
nami nimesimama ukingoni nimekushika mkono,
nalia nawe, nalia kweli,
na bangili imo kwenye fundo la ushungi wangu.
Nilitaka niivae siku moja.
Siku moja tu, Bikombo.
Halafu ikawa wiki, ukaacha kulia,
nikaona haya kukuliza tena.
Halafu ukaolewa Makunduchi.
Miaka hamsini na mmoja sijawahi kuivaa,
na sasa hainipiti hata vidole vitatu.

Pambizo likaniishia.
Neno “nisamehe” limepinda kona,
limepanda juu kwenda kugongana na tarehe.

Gundi sina. Bahasha nimeibandika
kwa punje za wali wa mchana,
nikaikandamiza chini ya kinu cha kutwangia.
Faki wa Bi Chumu anashuka Mkoani alfajiri kupanda boti.
Nimemwambia: mkononi mwake mwenyewe,
si kwa mjukuu, wala usimwachie mtu mlangoni.
Akaipima kiganjani, akaitikisa.
“Mbona nzito, bibi? Ina nini?”

Nikamwambia, habari za mbuzi.